Somo: Kupanga vyanzo vya programu kwenye Debian 13

Nimeulizwa hili mpaka nimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Hatua ya 1. Jua toleo lako: cat /etc/os-release. Debian 13 jina lake trixie.

Hatua ya 2. Weka nakala ya faili: cp /etc/apt/sources.list ~/vyanzo-vya-zamani

Hatua ya 3. Fungua faili kwa kihariri nano, kwa ruhusa ya msimamizi (sudo): sudo nano /etc/apt/sources.list, ubakize mistari hii:

deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware

Hapa ndipo nilipoungua. Nilitaka programu moja tu iliyo mpya zaidi, nikaongeza mstari wa sid, tawi la Debian ambalo bado linatengenezwa. Apt, programu inayopakua na kusakinisha, haikulalamika: vyanzo vyote kwake vilikuwa na kipaumbele cha 500, kwa hiyo namba kubwa ya toleo ndiyo ilishinda. Ikavuta libc6 mpya, maktaba ya msingi ambayo karibu kila kitu kinaiegemea, na msafara mzima ukafuata. Kurudi toleo la nyuma Debian haikuhakikishii, nikaishia kusakinisha upya. USICHANGANYE MATOLEO. Wala usiandike "stable" badala ya jina: Agosti 2025 neno hilo lilihama kutoka bookworm (Debian 12) kwenda trixie, na aliyekuwa nalo kwenye faili apt ikamwuliza kama anakubali mabadiliko; aliyejibu ndiyo bila kusoma akajikuta kwenye njia ya toleo jipya.

Hatua ya 4. sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Soma orodha kabla ya kukubali.

MASWALI

— Mkuu mbona haikubali?
Haikubali nini? Bandika kosa lenyewe.

— Inasema NO_PUBKEY.
Maana yake apt haina ufunguo wa kuhakiki saini ya chanzo. Mara nyingi hilo ni la chanzo cha nje ulichokiongeza mwenyewe. Chungulia /etc/apt/sources.list.d/. Somo langu halina kosa hapo.

— Naweza kuweka PPA ya Ubuntu (chanzo cha programu kilichotengenezwa kwa ajili ya Ubuntu)?
Hatua ya 3. Herufi kubwa.

— Samahani kaka, kwa nini http na si https? Mtu hawezi kutuchomekea faili bovu njiani?
Swali zuri hili. Orodha ya vifurushi imetiwa saini kwa ufunguo wa Debian, na ndani yake kila kifurushi kina alama yake ya SHA256, inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Ikibadilishwa hata herufi moja njiani, apt inakataa. Https inakuongezea faragha: anayechungulia haoni kirahisi unapakua nini. Ukipenda andika https, deb.debian.org inaipokea.

— Basi programu mpya tunapataje bila kuungua kama wewe?
Ongeza mstari wa trixie-backports, yaani programu mpya zilizotayarishwa kwa ajili ya trixie. Kipaumbele chake ni 100, chini ya 500 ya vyanzo vingine, kwa hiyo hauvuti kitu mpaka uombe: sudo apt install -t trixie-backports, halafu jina la programu.

— Mimi faili langu lina "Types:" na "URIs:", si kama lako.
Ndio muundo mpya, uache ulivyo. Wenye wa zamani wakiutaka: sudo apt modernize-sources. Mimi bado sijahamia, mistari mitatu naisoma kwa jicho moja.