Kopo jekundu: siku zangu 21 za mionzi kwenye nyumba ya kupanga

Kidonge cha iodini ya mionzi nilikimeza asubuhi, mchana niko nyumbani. Ni dawa ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: yangu ilikuwa imenikondesha, moyo unadunda kama ninayekimbizwa. Kumeza si kazi. Kazi ni karatasi ya maelekezo: imeandikiwa mtu mwenye choo chake, na mimi ni mpangaji, vyumba sita, choo kimoja uani. Kama ndivyo unavyoishi, sema hospitali kabla hujameza.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu hulala nami. Nilimpeleka kwa shangazi yake siku moja kabla. Ukingoja urudi na dawa mwilini, atakurukia mlangoni. Kwa mtoto mdogo niliandikiwa siku 21. Wewe fuata za kwako, maana zinategemea kipimo cha dawa. Wajawazito nao wakae mbali. Wakubwa niliwaweka mita mbili: kigoda changu chini ya mwembe, wao barazani, soga kwa sauti. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi inashuka hadi robo. Waliotaka kunibusu mkono kwa shikamoo niliwapungia tu.

Sasa choo. Dawa isiyoingia kwenye tezi, sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo siku mbili za mwanzo, kwa hiyo kunywa maji, nenda mara kwa mara. Chetu ni cha kuchuchumaa. Nilimwaga maji mara mbili, nikasuuza pembeni, nikanawa kwa sabuni. Kopo langu la kutawadhia lilikuwa jekundu, lililala chumbani kwangu, asije mtu akalichukua. Wanaume wachuchumae, wakisimama matone yanaruka.

Wapangaji wenzangu niliwaambia mapema. Mmoja akauliza kama naambukiza. Siambukizi, bibi, ni dawa tu, na nguvu yake hupungua nusu kila siku 8.

Mate na jasho navyo vina dawa. Sinia la pamoja niliacha, nikala kwa sahani na kijiko changu, nikaviosha mwenyewe kwenye beseni langu. Kukanda unga wa chapati kwa mkono, hapana. Jirani ndiye aliyenipikia, na chumvi yake, Mungu amlipe, ni nyingi. Nililala peke yangu, nikaoga kila siku. Shuka na nguo za ndani nilizifua mbali na za wengine.

Kutoka hospitali nilipanda bajaji, nikakaa nyuma pembeni kabisa. Daladala ya kubanana usipande, na bodaboda unamgandia dereva mgongoni.

Mabinti: kipimo cha mimba kabla ya dawa, na usishike mimba miezi 6 baadaye. Anayenyonyesha aache wiki kadhaa kabla, na mtoto huyo asimrudishe ziwani tena.

Ukipanda ndege, beba barua ya hospitali, kwani mitambo ya uwanjani inaweza kupiga kelele hata wiki kadhaa baadaye. Mimi safari yangu ilikuwa ya sokoni, nayo nilimtuma mtu.