Jinsi ya kutunza "maharage yanayoruka" mpaka nondo atoke

Kwanza haya si maharage, ni vipande vya tunda la kichaka kinaitwa Sebastiania pavoniana, kinaota milimani kwenye ukame wa Sonora na Sinaloa kule Meksiko. Ndani kuna kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu, Cydia saltitans. Nondo jike anataga kwenye tunda bichi, kiwavi anatoboa anaingia anakula mbegu, tunda likikauka linapasuka vipande vitatu vinadondoka chini, naye yumo humo humo.

1. Chagua vinavyoruka. Kishike kiganjani kidogo, kikipata joto kinaanza kurukaruka.

2. Weka kwenye boksi la karatasi lenye matundu. Chupa ya kioo yenye mfuniko sitaki hata kuiona, inatega unyevu, ukungu unaingia.

3. Joto. Hapa ndo watu wanawaua. Huyu kiwavi haruki kwa raha jamani, anakimbia jua, anashikilia hariri aliyotandika ukutani kwa ndani halafu anajirusha kwa nguvu mpaka kijumba kizima kinasogea, kusudi afike kivulini, sasa wewe ukiweka boksi dirishani au chini ya taa ili watoto wafurahi anaruka anaruka hana pa kwenda, anakauka. Kwenye gari ndo usiache kabisa, hasa sisi wa Arizona, jimbo la Marekani lenye joto kali. Weka kivulini, rashia maji kidogo mara moja au mbili kwa mwezi, basi.

Halafu baridi ikianza vinanyamaza. Shemeji yangu alishavifunga kwenye mfuko wa taka, nikamwambia dada subiri, hawa wamelala tu! Kabla hujatupa, bonyeza polepole: kikiwa kigumu muache, kikibonyea kama ganda tupu huyo keshakufa. Kikiwa na tundu dogo la duara nondo keshatoka. Friji usiweke.

4. Usimpasulie. Ukitoboa ganda akiwa bado kiwavi anaziba kwa hariri, lakini akishakuwa pupa, ile hatua ya kati kabla hajawa nondo, hawezi tena. Mlango kashauandaa mwenyewe: kabla ya kugeuka anakata kifuniko cha duara anakiacha kimeshikiliwa na hariri, maana nondo hana meno ya kutafuna ganda. Siku yake anakisukuma tu, unakuta ngozi ya pupa imebaki mlangoni.

5. Akitoka usimpe sukari. Anaishi siku chache, na bila kichaka chake hana pa kutaga, kwa hiyo kizazi cha pili usitegemee, vingine utanunua.