SOMO: Kusambaza Lua (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) kwa flashi mashuleni, na utoze nini

Wakuu, nimechoka. Simu za Masasi, Newala, hadi Nachingwea: "Lua unauza bei gani?" Naandika mara moja; atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

1. Pakua bure kutoka lua.org. Haifiki hata MB 1, bando la chai linatosha.

2. Pale utapata msimbo chanzo tu, yaani maandishi ya watunzi wake. Wa Windows kompaili mwenyewe, yaani yageuze yawe programu inayofunguka, lua.exe.

3. Jaribu kwenye mashine isiyo na intaneti.

4. Leseni. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka jana nilipeleka flashi 20 shule moja huko Tandahimba. Ili folda ionekane safi nikafuta ile ya doc (ya maelezo), nikabakiza lua.exe na mazoezi yangu. Kumbe maneno ya leseni yamo humo, kwenye readme.html (yapo pia mkiani mwa lua.h, faili la msimbo chanzo, nayo sikuiweka). Ni leseni ya MIT: nakili, badili, hata uza, ila tangazo la hakimiliki na ruhusa liende na kila nakala. Sharti ni hilo tu, nami ndilo nililolitupa! MSIFUTE DOC.

5. Bei. Flashi hizohizo nikaziandikia risiti "Programu ya Lua, Sh 15,000". Mwalimu akaingia mtandaoni, akaikuta bure. Akanipigia: "Kijana, umetuuzia maji ya bahari?" Leseni hainikatazi kutoza, lakini ningemwambia nini? Siku hizi naandika: flashi 10,000, kuweka kwenye kompyuta moja 2,000, mafunzo ya siku 50,000 na nauli. Lua: 0. Hiyo sifuri iandikwe.

chipukizi07: Mkuu naomba crack yake PM, nisiilipie

Mimi: Soma namba 1.

chipukizi07: Nimesoma. Crack je?

Mimi: Mlango hauna kufuli, ufunguo wa nini?

MwlHesabu: Ahsante kaka. Sasa hao walioitunga hawakujaribu kuuza?

Mimi: Walijaribu, mwalimu. Lua ilianza 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, kwa kazi za kampuni ya mafuta Petrobras. Toleo la 1.1, mwaka 1994, lilikuwa bure kwa wasomi. Wafanyabiashara waje wazungumze bei. Wachache waliulizia, hakuna mkataba hata mmoja uliofungwa. Tcl, lugha nyingine ya programu, nayo ilikuwa ya bure, wakahofia sharti lile la bei litawakimbiza hata wasomi. Toleo la 2.1, 1995, wakaliachia kwa wote. MIT imekuja na 5.0, mwaka 2003. Si vyuo vyote vilikwenda hivyo: lugha ya Pascal ya Chuo Kikuu cha California, San Diego (UCSD), mwaka 1979 ilikabidhiwa kampuni ya SofTech Microsystems iiuze.

MwlHesabu: Kwa hiyo nikitunga mazoezi yangu juu ya Lua naweza kuyauza?

Mimi: Uza kabisa, hayo ni jasho lako. Ila yaweke folda yake, yasichanganyike na ya kwao.

BintiMikindani: Samahani natoka nje ya mada. Flashi nikiipeleka steshenari inarudi na shotikati tupu, mafaili sioni.

Mimi: Hayajafutwa dada, kirusi kimeyaficha. Usibofye shotikati hata moja. Washa kuonyesha vilivyofichwa, yahamishe, kisha fomati.

MwlHesabu: Mkuu wa shule anasema mafunzo atalipa msimu wa korosho.

Mimi: Muandikishiane. Mimi kuna shule naidai tangu mnada wa kwanza wa mwaka jana.