Jinsi ya kupima kama kaunti inahama kutoka kilimo

Anza na ripoti ya Pato la Kaunti (Gross County Product) kwenye tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, hailipiwi. Tumia toleo moja la karibuni. Ukichanganya matoleo ya zamani na mapya utapotoka, kwa sababu mwaka 2021 mwaka wa msingi, yaani ule ambao wengine hulinganishwa nao, ulihamishwa kutoka 2009 hadi 2016, na migao ya sekta ikabadilika bila shamba hata moja kufungwa.

Gawanya thamani ya kilimo kwa jumla ya sekta zote, kisha zidisha kwa 100: huo ndio mgao wa kilimo. Chukua wastani wa miaka mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho. Mwaka mmoja hudanganya: ukame wa 2022 ulirudisha kilimo nyuma, na kwa hesabu ya mwaka huo pekee sekta nyingine zingeonekana kupanda kuliko hali halisi. Mgao upime kwa bei za sasa, yaani za mwaka husika, ukuaji kwa bei zisizobadilika, yaani zilizoondolewa mfumuko wa bei.

Tuseme kwa bei za sasa jumla ilikuwa shilingi bilioni 200, kilimo 80. Sasa ni 320 na kilimo 112. Mgao umeshuka kutoka asilimia 40 hadi 35, ilhali thamani ya kilimo yenyewe imepanda kwa asilimia 40, kabla ya kuondoa mfumuko wa bei. Hapo usiandike kwamba kilimo kimekufa.

Swali zito ni mgao huo umekwenda wapi. Kundi la "viwanda" hubeba pia ujenzi, umeme na machimbo, kwa hiyo toa utengenezaji peke yake. Ruiru, kaunti ya Kiambu, mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya nyumba: ujenzi huinua takwimu, kisha mafundi wakimaliza hushuka. Kiwanda, kama cha saruji Athi River kaunti ya Machakos, kinaweza kuajiri mwaka baada ya mwaka. Mambo haya mawili hayafai kuhesabiwa sawa.

Kisha linganisha na wafanyakazi. Kilimo kikiwa na asilimia 35 ya pato na 60 ya wafanyakazi, mtu wa nje ya kilimo anazalisha karibu mara tatu ya mkulima. Pato limehama, watu bado. Usitumie jedwali la ajira la Economic Survey, ripoti ya uchumi ya kila mwaka ya KNBS, kwa hesabu hii, maana haliwahesabu wakulima wadogo wala wafugaji. Tumia utafiti wa kaya.

Na kandokando ya Nairobi, anayelala Kitengela na kufanya kazi Industrial Area huhesabiwa Kajiado kama mkazi, lakini jasho lake huingia pato la Nairobi. Unganisha Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado kabla ya kugawanya pato kwa wafanyakazi.