Somo: Kulifuata fungu la maendeleo la baraza mpaka mtaroni

Assalaam alaykum. Kila masika yakikaribia, watu wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, huanza kuinua magodoro, na lawama zote humwendea diwani. Leo tutazame diwani ana nguvu gani juu ya mtaro wa kukaa miaka ishirini, na wewe wa shehia, yaani mtaa ulio chini ya sheha, umshike wapi. Nimekaa ofisi ya mipango miaka kadhaa. Baadhi ya haya nayajua kwa kuwa mwenyewe niliyafanya vibaya.

1. Jua kitu ni cha nani. Kwetu Zanzibar, Sheria ya Mamlaka ya Serikali za Mitaa, Nam. 7 ya 2014, ndiyo inayoyaongoza mabaraza ya manispaa, mabaraza ya miji kama Chake Chake, Wete na Mkoani, na halmashauri za wilaya. Masoko, taka na mitaro ya mitaani ni kazi ya baraza. Bomba ni la ZAWA, mamlaka ya maji, nguzo ya umeme ni ya ZECO, shirika la umeme. Ukimkaba diwani kwa bomba lililopasuka, atakusikiliza kwa adabu, basi.

2. Tafuta mpango wa miaka mingi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai ukamalizika 30 Juni, lakini mtaro mkubwa hauijui tarehe hiyo. Miji mingi ya Marekani huandika mpango wa ujenzi wa miaka mitano au sita, na mwaka wa kwanza pekee ndio wenye fedha zilizopitishwa. Na wetu usome hivyo hivyo: safu ya mwaka huu ni fedha, zinazofuata ni nia njema.

3. Fuata mradi mmoja. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Andika jina la mradi kama lilivyo kwenye kitabu cha bajeti ya baraza, kisha lisake kwenye vitabu vya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza umeahirishwa kwa “ufinyu wa bajeti”, wa pili umebadilishwa jina, wa tatu umerudi kama mradi mpya. Mimi niliwahi kuandika “ukarabati wa mtaro” kwa kitu ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa “ujenzi wa mtaro”, na hakuna mjumbe aliyeuliza inakuwaje tunakarabati kisichojengwa.

Tuseme mwaka huu wameandika mita 400, kila mita shilingi 250,000. Hiyo ni milioni 100. Mwakani unaikuta milioni 100 ile ile, lakini mita hazitajwi. Uliza: zimechimbwa ngapi, zimebaki ngapi, kutoka nyumba gani mpaka wapi? Jumla ya bajeti hufunika mengi. Urefu na mahali havifuniki kitu.

4. Uliza fedha zinatoka wapi, na nani atatunza. Mradi wa ZUSP, yaani mradi wa huduma za miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua mjini Unguja na ukuta wa bahari pale Mizingani. Mkopo wa namna hiyo hujenga. Haumlipi mtu wa kuzoa mchanga na mifuko kila mwaka. Kwangu mimi, diwani anayepitisha ujenzi bila fungu la matengenezo amepitisha nusu ya kazi.

5. Nenda ukaone. Mwaga ndoo ya maji mtaroni, tupia kipande cha kumbi la nazi. Kikisimama, mteremko haupo. Fanya hivyo mapema, maana kwa kawaida sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa mpaka muda wa kurekebisha kasoro umalizike. Muda ukishapita, mmebaki na kumbi lenu.

Maswali

*Wete:* Maalim, sheha kanambia nende kwa diwani, diwani kanambia nende kwa mkurugenzi. Kitabu kiko kwa nani?

Mkurugenzi ndiye mtendaji, kwake kipo. Lakini anza na diwani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekipitisha. Nenda na jina la mradi. Anayeuliza “bajeti” hupewa hotuba.

*Jang'ombe:* Kaka, diwani wetu anasema kitabu hupewa siku ile ile ya kikao. Atakisoma saa ngapi?

Aanze kukidai mapema, tangu kinapopita kamati ya fedha. Akikikosa kabisa, dakika ishirini zinamtosha kutafuta vitu vitatu: kilichoahirishwa, kisicho na urefu wala idadi, na kisicho na matengenezo. Asihangaike na kurasa za dira na dhamira.

*Mkoani:* Sisi mtaro tumepata, alhamdulillahi. Ila mifuniko ya zege ni mizito, wa usafi hawawezi kuiinua. Tumeivunja wenyewe.

Dada, hilo lilikuwa la kuulizwa wakati wa mchoro: mfuniko uinuliwe na watu wawili. Sasa andikeni mmevunja mingapi na wapi, mumpe diwani kabla bajeti ya mwakani haijaanza kupangwa.

*Mkoani:* Saba. Na minne iko mbele ya skuli.

Hiyo minne iandikeni juu kabisa. Na leo, kabla ya magharibi, wekeni mbao.