Kabla Hujarekebisha Ritani ya Kodi Marekani

Usikimbilie. Kama ritani ya kwanza bado iko mikononi mwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ngoja waimalize, na kama unadai kurudishiwa pesa, ngoja ziingie. Kosa la kujumlisha liache, huwa wanalisahihisha wenyewe na kukuandikia barua. Lakini W-2 uliyoisahau (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi uliyokatwa) au mtoto uliyesahau kumwandika, hayo ni ya fomu 1040-X, ile ya kurekebisha ritani.

Weka nakala ya ritani ya zamani mezani. Fomu ina safu tatu: A ulichoandika mwanzo, C kilicho sahihi, B tofauti yake. A haikisiwi. Kwenye maelezo ya sababu, "niliacha W-2 ya kazi ya pili" inatosha. Hakuna anayetaka hadithi ya maisha yako. Kama unadai pesa, una miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani au 2 tangu ulipolipa kodi, ile itakayoisha baadaye.

Sasa kodi ya jimbo, na hapa nisikilize vizuri.

Nilikuwa Minnesota, nahudumia wazee sehemu mbili, mchana huku, usiku kule. Januari nikahama nyumba, na W-2 ya kazi ya usiku ikaenda anwani ya zamani. Niliipata Mei, mama mmoja wa Kisii tuliyekuwa tukiishi naye jengo moja aliponiletea, imebanwa katikati ya karatasi za matangazo ya supamaketi. Nikarudi kwa bwana aliyenijazia mwanzo. Akarekebisha ya serikali kuu, nikalipa palepale.

"Na ya jimbo je, kaka?"

"Hiyo itajirekebisha yenyewe, dada."

Haijirekebishi! Minnesota ina fomu yake, M1X, na ukisharekebisha ya serikali kuu una siku 180 za kuituma. Siku hizo zilikatika mimi nikilala saa nne nne kati ya zamu. IRS na majimbo hupashana habari, basi mwaka uliofuata barua ikaja: kodi niliyodaiwa, riba, na faini ya asilimia 10 ya kodi iliyoongezeka. Nikamfuata yule bwana na barua yangu mkononi. Ofisi imegeuka duka la simu.

Kwa hiyo uliza jimbo lako mapema. California inakupa miezi 6 ikiwa marekebisho yameongeza kodi yako. Aliye Texas apumue, jimbo halina kodi ya mapato. Ukiishi majimbo mawili mwaka mmoja, angalia yote mawili.

Kama unadaiwa, lipa unapotuma fomu. Riba inahesabiwa tangu ile tarehe ya mwisho ya kulipa kodi, mwezi Aprili, si tangu siku uliyogundua kosa. Mliojaza pamoja kama mume na mke, wote wawili mtie saini. Na tarehe hiyo ya Aprili ikishapita, hamwezi tena kurekebisha ili kila mtu awe na ritani yake.

Kisha tulia. Marekebisho huanza kuonekana kwenye mtandao wa IRS baada ya wiki 3 hivi, na kukamilika ni wiki 8 hadi 12, pengine 16. Usitume ya pili kwa sababu ya kwanza imekawia. Tunza nakala, tunza risiti. Ukihama, badilisha anwani posta na kwa kila mwajiri, hata yule uliyemfanyia kazi wiki mbili tu. Na anayekujazia fomu asipotaka kuitia saini yake, chukua karatasi zako uondoke.