Maarifa ya India kwa Mtihani: Anza na Ulichonacho Hapa Mombasa

Kijana akinijia na daftari lililojaa majina ya marais wa India, kuanzia Rajendra Prasad hadi Droupadi Murmu, humwambia alifunge kwanza tuzungumze habari ya mchele. Majina yana faida yake na yatakuja. Lakini mtihani wa maarifa ya jumla haumtafuti aliyemeza orodha. Unamtafuta anayeliona tukio la juzi akalitambua nasaba yake. Hapa Mji wa Kale mtoto mgeni akipita barazani wazee huuliza: mwana wa nani, wa mlango gani? Habari nayo iulize hivyohivyo: imezaliwa na sheria ipi, taasisi ipi, jimbo lipi, msimu upi? Habari yenyewe mwakani itakuwa imepitwa, ila nasaba yake itabaki, na humo ndimo watunzi wa maswali wanamochota.

Mimi riziki yangu nimeipata bandarini Kilindini, kazi ya kutoa mizigo, na nyingi ya makaratasi niliyopitia yalitoka India. Jumamosi nawasomesha vijana Kibokoni. Wako watoto wa raia wa India wanaofanya kazi hapa, ambao watarudi kwao kukaa mitihani ya ajira za serikali. Wako pia vijana wetu wanaoomba ufadhili wa ICCR, lile baraza la uhusiano wa utamaduni lililoanzishwa 1950, na wanaojiandaa kwa Bharat Ko Janiye, shindano la maswali la mtandaoni la Wizara ya Mambo ya Nje ya India. Mitihani ni mbalimbali, lakini maarifa yake ni mamoja.

Sasa mchele. Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Mwanafunzi mvivu ataandika tarehe na kufunga. Wewe shuka nayo ngazi kwa ngazi. Nani alitoa amri? Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje, iliyo chini ya Wizara ya Biashara na Viwanda. Kwa nini? Bei ya mchele ndani ya India ilikuwa inapanda, na mwaka ule El Niño ilitishia kuipunguza mvua ya India. Kwa nini dunia nzima ilishtuka? Kwa sababu India peke yake huuza karibu asilimia 40 ya mchele unaovuka mipaka ya nchi. Marufuku iliondolewa lini? Septemba 2024. Basmati je, uliguswa? Haukuwamo katika marufuku, na hapo ndipo mtunzi wa maswali hutega mtego wake: atakuandikia "mchele wote" katika jawabu moja uone ni sahihi.

Usiishie hapo. Mvua ile inatoka wapi? Mtu wa Mombasa hili analo tangu utotoni. Kusi, upepo unaotuletea masika na kuichafua bahari kuanzia Aprili, ukishavuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ukawa upepo wa kusini-magharibi, ukaipiga pwani ya Kerala. Idara ya Hali ya Hewa ya India huhesabu tarehe 1 Juni kuwa siku ya kawaida ya kufika kwake huko. Pepo hizo za Juni hadi Septemba ndizo zinazoleta karibu robo tatu ya mvua ya India kwa mwaka. Mazao yanayopandwa kwa mvua hiyo huitwa kharif: mpunga, pamba, mahindi. Yanayopandwa kuanzia Oktoba na kuvunwa mnamo Machi na Aprili ni rabi: ngano, haradali, dengu. Mvua ikisuasua, chakula hupanda bei. Chakula kikipanda, mfumuko wa bei hupanda, na hapo inaingia Benki Kuu ya India, iliyoanzishwa tarehe 1 Aprili 1935. Kamati yake ya sera ya fedha ina watu 6, na lengo walilopewa tangu 2016 ni mfumuko wa asilimia 4, usishuke chini ya 2 wala kupita 6. Chombo chao kikubwa ni riba ya repo, ambayo benki za biashara hulipa zinapokopa kwa Benki Kuu.

Tazama tulikotoka na tulikofika. Habari moja ya mchele imekupa jiografia, kilimo, uchumi na muundo wa serikali. Ukisoma hivi habari mbili kwa wiki kwa utulivu, zitakufaa kuliko vichwa vya habari 50 vilivyonakiliwa.

Ramani nayo usiisome kwa kukodolea macho. Isome kwa mizigo. Makontena mengi ya India yanayoshuka Kilindini yamepakiwa Mundra, iliyo Kutch katika jimbo la Gujarat, au Nhava Sheva, iliyo Maharashtra ng'ambo ya Mumbai. Chukua pakiti ya dawa nyumbani, igeuze, utafute mtengenezaji yuko wapi: Ahmedabad ni Gujarat, Hyderabad ni Telangana, Baddi ni Himachal Pradesh, Pune ni Maharashtra. Fanya hivyo na kila kitu kilichoandikwa kimetengenezwa India, uandike jimbo na mji mkuu wake. Kwa njia hii mtoto wa miaka 12 anayashika majimbo bila kulazimishwa, nami nimewaona wengi.

Ila majimbo yana historia, na mitihani hupenda mabadiliko kuliko vilivyotulia. Gujarat na Maharashtra zilizaliwa siku moja, 1 Mei 1960, lilipogawanywa jimbo la Bombay kufuata lugha. Telangana ilitoka katika Andhra Pradesh tarehe 2 Juni 2014. Tarehe 31 Oktoba 2019 Jammu na Kashmir ikaacha kuwa jimbo, ikawa maeneo mawili yanayotawaliwa na serikali kuu, la pili likiwa Ladakh. Kisha 26 Januari 2020 Daman na Diu ikaunganishwa na Dadra na Nagar Haveli. Kwa hiyo hesabu ni majimbo 28 na maeneo 8. Kitabu chako kikisema majimbo 29, kimechapishwa kabla ya mambo hayo. Kitumie kwa historia, wala usikiamini kwa hesabu.

Goa jifunzie Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kuanzia 1593, na mkubwa wao upande huu wa bahari alikuwa akikaa Goa. Wakenya wengi wanajua Wareno walitolewa hapa na Waomani, mwaka 1698. Goa waliikalia hadi Desemba 1961, jeshi la India lilipowaondoa, miaka 14 baada ya uhuru wa 15 Agosti 1947. Goa ikawa jimbo kamili tarehe 30 Mei 1987. Ukipita Ndia Kuu kwenda ngomeni, kumbuka hatua hizo tatu za Goa. Ziweke kichwani kwa mfuatano: mji mkuu wa Wareno, kurudishwa, kuwa jimbo.

Sheria ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa Mombasa inaigusa na watu hawajui. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilitumika hapa Afrika Mashariki enzi za Mwingereza, mpaka Kenya ilipopata kanuni yake mwaka 1930. Babu zetu walihukumiwa kwa vifungu vilivyoandikiwa India, kama walivyolipana kwa rupia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sasa habari yenyewe: tarehe 1 Julai 2024 India iliiweka kando kanuni hiyo na kuanza kutumia Bharatiya Nyaya Sanhita. Siku hiyohiyo sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ilipokewa na Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, na Sheria ya Ushahidi ya 1872 ikapokewa na Bharatiya Sakshya Adhiniyam. Mtihani utakuchanganyia majina hayo matatu. Dawa yake ni kushika neno la pili: Nyaya ni haki, basi ni ya makosa na adhabu; Nagarik ni raia, ile ya mwenendo; Sakshya ni ushahidi.

Katiba isome ukiwa na ya Kenya ya 2010 mkononi, uzilinganishe. Yetu rais anapigiwa kura na wananchi. Yao rais anachaguliwa na wabunge waliochaguliwa wa mabunge yote mawili pamoja na wa mabunge ya majimbo, na serikali huongozwa na waziri mkuu. Lok Sabha, bunge la chini, ina viti 543 vya kuchaguliwa. Rajya Sabha, bunge la juu, haivunjwi kamwe; kila baada ya miaka miwili theluthi moja ya wanachama wake hustaafu, na katika wanachama wake wote 12 huteuliwa na rais. Katiba ilipitishwa 26 Novemba 1949 ikaanza kazi 26 Januari 1950, na kamati ya kuiandika iliongozwa na B. R. Ambedkar. Katika marekebisho, anza na ya 101 iliyoleta GST, kodi ya bidhaa na huduma, iliyoanza 1 Julai 2017, na ya 106 ya mwaka 2023, inayowatengea wanawake theluthi moja ya viti vya Lok Sabha na vya mabunge ya majimbo. Hiyo ya 106 ilifungwa na sharti la sensa na ugawaji mpya wa maeneo ya uchaguzi. Mkenya aliyefuata mvutano wetu wa kanuni ya theluthi mbili ya jinsia ataielewa haraka.

Kuhusu uchaguzi wa 2024 shika machache tu: kura za Lok Sabha zilipigwa kwa awamu 7 kati ya 19 Aprili na 1 Juni, matokeo yakatoka 4 Juni, chama cha BJP kikapata viti 240, yaani chini ya 272 vinavyohitajika kuwa na wingi, Narendra Modi wa chama hicho akaunda serikali pamoja na washirika wake. Anga nayo si ndefu: ISRO, shirika la anga la India, ilianzishwa 15 Agosti 1969, makao yake Bengaluru, na roketi hurushwa kutoka Sriharikota, Andhra Pradesh. Chombo chake Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023, na India ikawa nchi ya nne kutua mwezini.

Tena usiache mambo ya Afrika, hasa wewe utakayekabili jopo la mahojiano. Umoja wa Afrika uliingizwa G20 kwenye mkutano wa New Delhi, Septemba 2023. Tuzo ya Amani ya Gandhi ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1995, alipewa Mwalimu Julius Nyerere. Duma 8 kutoka Namibia waliachiliwa hifadhi ya Kuno, Madhya Pradesh, Septemba 2022. Wasiddi wa Gujarat na Karnataka ni watu wa asili ya Afrika, na wengi wetu hatujawahi kusikia habari zao. Na Oktoba 2025, Raila Odinga alipofia Kerala alikokwenda kwa matibabu, Kenya nzima ilijua jina la jimbo hilo kwa siku moja. Kijana anayesoma aliongeza swali: mji mkuu wake ni upi? Thiruvananthapuram.

Daftari lako lipange hivi. Ukurasa mmoja kwa habari moja. Juu andika tarehe na kilichotokea kwa sentensi moja. Katikati andika nasaba: taasisi, sheria, mahali. Chini andika namba mbili tu za kukumbuka. Nusu ya ukurasa iache wazi, maana habari hurudi, kama ya mchele ilivyorudi baada ya mwaka na zaidi, marufuku ilipoondolewa. Vyeo vya watu viandike kwa penseli.

Chimbuko la habari zako liwe la karibu na kisima. Taarifa za serikali ya India hutolewa na Press Information Bureau, na za riba hutolewa na Benki Kuu yenyewe. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu. Bajeti kwa kawaida husomwa 1 Februari saa tano asubuhi kwao, na hapa ni saa mbili na nusu. Mwaka wao wa fedha huanza 1 Aprili, wetu 1 Julai. Picha za kufoward kwenye WhatsApp zenye kichwa "maswali 100 muhimu" zipuuze. Ukitaka maswali ya kujipima, chukua karatasi za miaka iliyopita za UPSC, tume inayoajiri watumishi wa juu wa serikali ya India. Ziko wazi kwenye tovuti yao, bure.

Ukizitumia, zitumie kwa kanuni zao. Karatasi ya kwanza ya mchujo ina maswali 100, saa mbili, alama 2 kwa kila jawabu sahihi, na kosa hukatwa theluthi moja ya alama hizo. Chukua maswali 12 usiyoyajua kabisa, yenye majawabu manne kila moja. Ukibahatisha yote, kwa wastani utapata 3, alama 6, na utakosa 9, zikatwe 6. Umebaki na sifuri. Lakini ukiweza kufuta jawabu moja katika kila swali, utapata 4 na kukosa 8, ukabaki na alama 2 na ushei. Ukifuta mawili, utapata 6 na kukosa 6, ukabaki na alama 8. Kwa hiyo swali usilolijua hata kwa kulifuta jawabu moja, lipite. Uliloweza kufuta mawili, jibu bila kusita. Na mtihani usiokata alama, kama masharti ya mwaka huo yanasema hivyo, usiache hata swali moja tupu.